Nani Ajibu kwa Maneno ya Mwingine



Nimeombwa kuzungumzia uhuru wa maoni mtandaoni, na mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja. Naomba mniruhusu niibane kwenye swali moja: mtu akiandika jambo kwenye tovuti isiyo yake, na jambo hilo likawa kosa au likamuumiza mwingine, mwenye tovuti ana dhima gani? Swali hili limewahi kuwapeleka Watanzania kizimbani, limeamuliwa na majaji 17 wa Ulaya, na sasa limo mikononi mwa Mahakama Kuu ya Kenya kwa sura nzito kuliko zote. Linaonekana la kiufundi, la mawakili na mafundi wa kompyuta. Mimi naamini linaamua nani atathubutu kusema na nani atanyamaza.

Nianze na Kisutu.

Tarehe 13 Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo jijini Dar es Salaam. Melo na mwenzake Mike Mushi ndio walioanzisha JamiiForums, tovuti iliyozaliwa mwaka 2006 na kukua hadi ikawa mahali ambapo Mtanzania wa kawaida huandika kuhusu mikataba ya serikali, bandari, zabuni na viwanja bila kutaja jina lake. Siku tatu baadaye alifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Ukiyasoma mashtaka yale ukitafuta sentensi iliyoandikwa na Melo mwenyewe, huioni. Alishtakiwa kwa kuzuia upelelezi. Watu waliotumia majina ya bandia walikuwa wameandika tuhuma juu ya kampuni kadhaa, polisi wakataka taarifa za waandishi hao, naye hakuzitoa. Shtaka jingine lilihusu kuendesha tovuti isiyotumia anwani ya .tz.

Kesi zile zilichukua zaidi ya miaka mitatu. Moja iliishia Juni 2018 kwa washtakiwa kuachiwa. Aprili 2020 Melo alitiwa hatiani katika nyingine, akaamriwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Mushi aliachiwa huru. Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari ya New York ilikuwa imempa Melo tuzo yake ya kimataifa. Mtu mmoja, kwa kitendo kilekile, nyumbani mhalifu na ugenini mshindi wa tuzo.

Mamlaka waliyoyatumia polisi yamo katika kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu hicho kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kumwamuru yeyote mwenye data azitoe pale zinapohitajika kwa upelelezi. Hakuna hakimu anayeulizwa kwanza. Askari huyohuyo anayepeleleza ndiye anayeamua kwamba uhitaji upo. Kampuni ya Jamii Media ilikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu hiki kwa hoja za Katiba, ambayo ibara yake ya 16 inalinda faragha na ya 18 inalinda uhuru wa maoni. Mwaka 2017 mahakama haikukubaliana nao.

Kinachonisikitisha ni kwamba sheria hiyohiyo, kurasa chache mbele, ina sehemu njema ambayo watu wachache huisoma. Kifungu cha 39 kinasema mtoa huduma halazimiki kukagua kila kinachopita kwake. Cha 41 kinamkinga anayehifadhi maudhui ya wengine, ilimradi hajui kwamba yana kosa na anayaondoa pale anapoamriwa na mamlaka husika. Kwa hiyo bunge lile lile, katika muswada uleule, lilimwambia mwenye tovuti: hutajibu kwa maneno ya wengine. Kisha likampa mkuu wa kituo njia ya kupita pembeni: basi mtaje aliyesema, na usipomtaja utajibu wewe.

Tusidhani kwamba mambo haya yameletwa na kompyuta. Mwaka 2011 gazeti la Tanzania Daima lilichapisha makala ya Samson Mwigamba iliyowahutubia askari, na serikali ikaiona ni uchochezi. Alishtakiwa mwandishi. Akashtakiwa mhariri, Absalom Kibanda. Na wa tatu kizimbani akawa Theophil Makunga wa Mwananchi Communications, kwa sababu mitambo ya kampuni hiyo ndiyo iliyolichapa gazeti. Januari 2014 mahakama iliwaachia huru wote watatu, na ni vizuri. Lakini fikirini kama wangefungwa. Mwenye mtambo wa kuchapa angeanza kusoma kila ukurasa wa gazeti la mteja wake kabla ya kuuwasha mtambo. Tena angekuwa mhariri mwoga kuliko mhariri mwenyewe, kwa kuwa yeye hana faida yoyote katika habari ile. Analipwa wino na karatasi. Ukurasa wenye mashaka ataukataa, na hakuna atakayemlaumu isipokuwa mtu aliyekuwa na jambo la kusema.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote ya leo, kwa hiyo naomba niirudie polepole. Mwandishi wa neno yuko tayari kulitetea, maana ni lake, na huenda analijua kuwa kweli. Mwenye tovuti ana maneno laki moja ya watu laki moja. Hakuna hata moja ambalo kuliondoa kutamgharimu chochote. Ukimtisha kwa faini au jela, atafuta. Atafuta lililo kosa, atafuta linalofanana na kosa, na mwisho atafuta lolote ambalo tajiri fulani amemtumia wakili kulilalamikia.

Marekani walilijua hili kwa kesi moja ya ajabu. Oktoba 1994 mtu asiyejulikana aliandika kwenye huduma ya Prodigy kwamba kampuni ya hisa iitwayo Stratton Oakmont ilikuwa imefanya udanganyifu. Kampuni ile ikaishtaki Prodigy ikidai dola milioni 200. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1991, mahakama ya New York ilikuwa imeiachia huduma nyingine, CompuServe, kwa sababu yenyewe haikukagua chochote. Prodigy walikuwa wanakagua: walifuta matusi ili familia ziweze kutumia huduma yao. Mei 1995 jaji akasema kwamba, kwa kuwa wanakagua, basi wao ni wachapishaji na watajibu kama gazeti. Yaani aliyejitahidi kufagia akabebeshwa mzigo, na aliyeacha takataka akapona.

Na yule mtu asiyejulikana? Stratton Oakmont ilifungwa mwaka 1996, na mwanzilishi wake, Jordan Belfort, alikiri mwaka 1999 makosa ya udanganyifu na utakatishaji wa fedha. Kampuni iliyoijia juu tovuti kwa kuchafuliwa jina ilikuwa kweli ya wezi. Nawaomba wanafunzi wa sheria msiisahau sehemu hii ya kesi, ingawa vitabu huipita haraka. Wanaokimbilia mahakamani wa kwanza kutaka maneno yafutwe mara nyingi ni wale wenye uwezo wa kulipa mawakili, na baadhi yao wana sababu nzuri ya kuogopa maneno hayo.

Wabunge wawili, Christopher Cox wa Republican na Ron Wyden wa Democratic, waliishangaa hukumu ile wakaandika kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano, kilichotiwa saini Februari 1996. Maneno yake makuu kwa Kiingereza ni 26 tu, na yanasema kwamba mtoa huduma hatahesabiwa kuwa msemaji wa taarifa iliyotolewa na mtu mwingine. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilifuta vipengele vya sheria ileile vilivyokataza lugha isiyo na adabu mtandaoni, lakini kifungu hiki kikabaki. Karibu kila tovuti kubwa ambayo watu huandika wenyewe imekulia chini ya kivuli chake.

Sitawaficha gharama yake. Aprili 1995, siku chache baada ya bomu la Oklahoma City lililoua watu 168, mtu asiyejulikana alitangaza kwenye huduma ya AOL kwamba anauza fulana zenye maneno ya kuwadhihaki marehemu. Akaweka namba ya simu ya Kenneth Zeran wa Seattle, ambaye hakuwa na habari yoyote. Simu za matusi na vitisho vya kuuawa zikaanza kumiminika. Zilifika hatua ya kuingia moja karibu kila dakika mbili. Zeran aliwaarifu AOL, tangazo likaondolewa, jingine likawekwa. Hakuweza kubadilisha namba kwa sababu ndiyo aliyofanyia kazi. Aliposhtaki, mahakama ya rufaa mwaka 1997 ilimwambia kwamba AOL hawana dhima. Majaji walieleza kwamba, kama taarifa ya mlalamikaji peke yake ingezaa dhima, kila mwenye hasira angetuma taarifa na watoa huduma wangefuta kila kitu. Nakubali hoja hiyo, na bado nakiri kwamba Zeran alidhulumiwa. Hakumpata aliyemfanyia, na sheria haikumpa wa kumjibu. Anayetetea kinga ya wenye tovuti lazima awe na la kumwambia mtu kama huyu. Nitajaribu kabla sijamaliza.

Ulaya walikwenda njia nyingine. Mwaka 2006 tovuti ya habari ya Estonia, Delfi, ilichapisha makala ya kawaida kuhusu kampuni ya vivuko na barabara za barafu kwenda visiwani. Makala yenyewe haikuwa na kosa. Wasomaji waliandika maoni 185, na kama 20 kati yake yalikuwa matusi na vitisho kwa mmiliki wa kampuni ile. Mawakili wake waliandika wiki sita baadaye, Delfi wakayaondoa siku ileile. Hata hivyo waliamriwa kulipa fidia ya euro 320 hivi. Juni 2015 Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu liliunga mkono amri hiyo kwa kura 15 dhidi ya 2. Fedha zilikuwa kidogo, lakini funzo lilikuwa kubwa: usingoje uambiwe, kagua mwenyewe. Miezi minane baadaye mahakama hiyohiyo, katika shauri la Hungaria, ilirudi nyuma kidogo na kusema maoni makali yasiyo na vitisho hayawezi kumbebesha mwenye tovuti mzigo wa namna ile.

Mjerumani alipoweka sheria yake mwaka 2017 aliipa mitandao mikubwa saa 24 kuondoa kilicho kosa dhahiri, na faini iliweza kufika euro milioni 50. Nataja masaa haya kwa makusudi. Kwetu, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwapa watoa huduma saa 12, na kanuni mpya za 2020 zikapunguza muda huo hadi saa 2. Tofauti ni kwamba sheria ya Ujerumani ililenga mitandao yenye watumiaji zaidi ya milioni 2 nchini mle, kampuni zenye majengo ya wafanyakazi wa zamu. Kanuni zetu zilimgusa pia kijana wa Mbeya mwenye tovuti ya habari za wilaya, anayeiendesha na dada yake baada ya kazi. Saa mbili! Taarifa ikitumwa saa saba usiku, au umeme ukiwa umekatika, au mmoja yuko msibani, tayari ni wakosaji. Na kosa chini ya kanuni za 2018 lilikuwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote.

Kabla ya kufika kwenye kosa kulikuwa na leseni. Ada za 2018, ukijumlisha maombi, leseni na malipo ya mwaka, zilizidi shilingi milioni 2. Juni mwaka ule JamiiForums walijifunga wenyewe kwa muda, wakingoja kujua wamesimama wapi, na watu binafsi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi yao waliacha. Zilikuwa kurasa za historia za vijiji, za muziki wa dansi, za kilimo. Sijui mtu hata mmoja aliyedai kwamba kurasa hizo zilihatarisha usalama wa taifa. Zilinyamaza tu, kwa sababu zilikuwa za watu wasio na milioni mbili za ziada. Na leseni hutoa mamlaka ya kuinyang'anya: Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90.

Sasa nije Nairobi, kwa sababu ningekuwa nawadanganya kama ningeishia hapa na kuwaacha mkiamini kwamba kila mwenye mtandao ni mnyonge anayeonewa na dola.

Novemba 3, 2021, wakati wa vita vya kaskazini mwa Ethiopia, Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Alikuwa Mtigray. Wiki chache kabla, ujumbe wenye picha yake ulikuwa umesambazwa Facebook ukimtuhumu na kueleza anakopatikana. Mwanawe, Abrham Meareg, anasema aliripoti kwa kampuni akaomba uondolewe, na haukuondolewa kwa wakati. Desemba 2022 yeye, mtafiti Fisseha Tekle na Taasisi ya Katiba ya Kenya walifungua shauri Nairobi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Walichagua Nairobi kwa sababu kazi ya kukagua maudhui ya ukanda huu ilikuwa ikifanyika mjini humo kupitia kampuni ya Sama. Meta walisema mahakama ya Kenya haina uwezo juu yao. Aprili 3, 2025 Mahakama Kuu ikasema inao, na shauri litaendelea.

Je, hoja niliyoijenga juu ya Kisutu inaanguka hapa? Naona haianguki, ila tuwe waangalifu kuona nini hasa kinalalamikiwa. Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe akijenga baraza mbele ya mlango wake, wapita njia wakakaa na kuzungumza, hatuendi kumkamata kwa yaliyosemwa pale. Lakini akimwajiri mpiga mbiu azunguke mitaa yote akirudia lile neno la chuki, kwa kuwa limeonekana linakusanya watu na watu huleta biashara, mbiu ile ni yake. Walalamikaji wa Nairobi hawadai tu kwamba Facebook ilihifadhi ujumbe. Wanadai kwamba programu za kampuni, zinazochagua nini kimtokee mtu kwenye simu yake, zilitengenezwa ziwape kipaumbele maneno yanayochochea, na kwamba kampuni iliajiri wakaguzi wachache mno wa lugha za Ethiopia ukilinganisha na lugha za nchi tajiri. Hayo ni matendo ya kampuni yenyewe. Yakithibitishwa, ijibu.

Hata Marekani mlango huu umeanza kufunguka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikwepa kuligusa swali hili katika shauri dhidi ya Google, lakini Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya Philadelphia ilisema kwamba TikTok inapomchagulia mtoto video ya hatari na kumletea bila yeye kuitafuta, uchaguzi ule ni usemi wa TikTok yenyewe, na kifungu cha 230 hakiukingi. Nadhani majaji wale wameshika penyewe.

Na suala la lugha linatuhusu moja kwa moja. Sisi ni watu wa mafumbo. Mashairi yetu, taarabu yetu, hata maneno ya kanga, husema jambo kwa kulizungukia, na aliyelengwa hujijua. Mkaguzi asiyeijua lugha hii, au programu iliyofunzwa kwa matini ya Kiingereza, atafuta utani wa watani wa jadi na kuacha wito wa kuua uliofunikwa kwa methali. Kampuni inayochuma kwa wasemaji wa Kiswahili na Kiamhara ilipe watu wanaozijua lugha hizo. Hilo ni sharti la haki kuliko kumpa kijana wa Mbeya saa mbili.

Nilisema nitamjibu Zeran. Jibu langu ni kwamba kuna maneno machache ambayo yaondolewe kwanza na kujadiliwa baadaye: picha za unyanyasaji wa watoto, picha za faragha zilizosambazwa bila ridhaa, anwani au simu ya mtu iliyowekwa ili ashambuliwe, wito wa kumdhuru mtu aliyetajwa. Hayo hayahitaji jaji ili kujulikana ni nini. Zeran angesaidika siku ya kwanza. Yaliyobaki, yaani kashfa, tuhuma za rushwa, "habari za uongo", uchochezi, yanahitaji ushahidi na hoja, na mwenye tovuti hana uwezo wala haki ya kuyahukumu. Mahakama ya Juu ya India ilisema hivyo Machi 2015: mtoa huduma hawajibiki kuondoa mpaka apate amri ya mahakama au taarifa rasmi ya serikali. Wakati shauri linangojewa, lalamiko lipelekwe kwa mwandishi mwenyewe, kama Kanada wanavyofanya kwa hakimiliki tangu 2015, apate nafasi ya kulitetea neno lake, kulirekebisha au kulifuta.

Limebaki jambo la majina, ambalo ndilo lililomfikisha Melo Kisutu. Wapo watakaosema: kama una ukweli, andika jina lako. Mwambieni hivyo karani wa forodha aliyeona kontena likipita bila kulipiwa, huku anayelipitisha ndiye bosi wake na ana rafiki kituoni. Jina la karani huyo likifika kwa mkuu wa kituo kwa barua ya ukurasa mmoja, hakuna anayeweza kuhakikisha litaishia pale. Sisemi wahalifu wasitafutwe. Nasema kifungu cha 32 kibadilishwe ili mpelelezi aende kwa hakimu na kiapo, aeleze kosa gani linapelelezwa, kwa nini tuhuma ile haiwezi kuchunguzwa kwa kuikagua kampuni iliyotuhumiwa badala ya kumsaka aliyeituhumu, na anataka taarifa zipi hasa. Mwenye tovuti apewe siku za kumjulisha mwandishi, na mwandishi aruhusiwe kuleta wakili anayemwakilisha bila kumtaja. Mahakimu wa kuifanya kazi hii wapo katika kila wilaya, na marekebisho yenyewe, niliyojaribu kuyaandika kwa lugha ya sheria, yanajaa nusu ukurasa. Nakala ziko mezani pale mlangoni kwa atakayependa kumpelekea mbunge wake.